Chopin wa bure na Chopin wa bei: nani kasema Mikuli ni takataka?

Uliza popote walipo wapiga piano, ninunue nota zipi za Chopin (yule mtunzi wa piano wa karne ya 19), jibu utalipata kabla hujamaliza swali: Henle, au Ekier, matoleo ya kisasa yanayoitwa Urtext, hayo mengine tupa. Na "hayo mengine" wanamaanisha Mikuli, Klindworth, Cortot, Paderewski, yani vile vitabu vya wazee vinavyoitwa kwa majina ya wahariri wao, na baadhi yake, kama Mikuli, unavipakua bure IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni, bila kulipa hata senti. Mwanafunzi akitokea na Mikuli aliyemprinti kwenye karatasi za A4 anaangaliwa kama kaja na noti bandia. Mi naona anaonewa, ila tuanze na haki ya upande wa pili maana na wao hawasemi upuuzi.

Matoleo haya ya Urtext yanaahidi kukupa alichoandika mtunzi tu, bila mikono ya watu wengine. Na mikono ilikuwa mingi kweli! Wahariri wa karne ya 19 waliongeza alama za sauti kubwa na ndogo, wakabadilisha mistari ya kuunganisha nota, wakaweka pedali na namba za vidole walivyoona wao, halafu hawakusema wapi wameongeza wapi hawakuongeza. Ndo kosa lao kubwa. Klindworth anaweza kuwa na wazo zuri tu, shida ni kwamba ukiangalia ukurasa hujui anayeongea ni yeye au ni Chopin. Paderewski naye, ambaye alifariki 1941 na vitabu vyenye jina lake vikaanza kutoka 1949, kazi kubwa wakiwa wameibeba wahariri wenzake Bronarski na Turczyński, analaumiwa kwa kuchanganya vyanzo mpaka inatokea nota ambayo kwa ukamilifu wake haipo kwenye chanzo chochote. Lawama ni ya haki.

Sasa turudi kwenye hiyo ahadi yenyewe, "alichoandika mtunzi". Kipi?

Chopin alikuwa anaishi Paris na wakati ule haki ya kuchapisha ilikuwa inaishia mpakani, kwahiyo ili asiibiwe ilibidi kazi ile ile iuzwe karibu wakati mmoja Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, kwa wachapishaji watatu tofauti. Paris kwa muda mrefu ni Schlesinger, Leipzig mara nyingi Breitkopf, London ni Wessel, yule aliyekuwa anazibandika nokteni (vipande vya piano vya hali ya usiku) majina ya kimapenzi ili ziuzike na Chopin akawa anakasirika. Watatu hawa hawakupewa karatasi moja. Mmoja anapata mswada wa mkono wa Chopin, mwingine anapata nakala iliyoandikwa na rafiki yake Fontana, mwingine anapata prufu (kurasa za majaribio za kusahihisha) za Paris zilizosahihishwa nusu. Na Chopin hakuwa mtu wa kunakili, kila akishika kalamu anabadilisha kitu. Prufu za Paris aliweza kuzirekebisha, ila za Leipzig na London kwa kawaida hakuziona. Matokeo yake una matoleo ya kwanza matatu, yote halali, yote yametoka akiwa hai, na hayakubaliani.

Halafu bado hujafika kwa wanafunzi. Alikuwa anafundisha kila siku, na kwenye somo anachukua penseli anaandika juu ya kitabu cha mwanafunzi. Chukua preludi (kipande kifupi) ya C maina, opasi yani kazi namba 28, preludi namba 20, ile ya baa (vipimo vya muziki) 13 ambayo kila mtu kaipiga. Kodi (nota zinazopigwa pamoja) ya mwisho ya baa ya tatu imechapishwa na E naturali, yani E isiyoshushwa, kwahiyo inaishia C meja, ya sauti angavu. Kwenye kopi ya mwanafunzi wake Jane Stirling kuna flati (alama ya kushusha nota) imeongezwa, na kodi nzima inageuka kuwa maina, ya sauti ya huzuni. Nota moja, lakini kwenye kipande kifupi hivyo cha msiba inabadilisha sura, maana naturali inakupa mwanga kidogo katikati ya giza na flati inauzima. Je ilikuwa kosa la chapa alilolisahihisha? Au alibadilisha mawazo miaka kadhaa baadaye? Au siku ile aliisikia tu hivyo? Nokteni ya opasi 9 namba 2 ndo kabisa, aliwaandikia wanafunzi mapambo tofauti tofauti, kwahiyo hata "toleo la mwisho" halipo, kuna aina kadhaa za upigaji zote zina baraka zake.

Hapo ndipo nakuja kwa Mikuli. Huyu si mhariri aliyekaa ofisini akajikisia. Alikuwa mwanafunzi wa Chopin Paris kuanzia 1844, akawa anaandika maelezo kwenye nota zake wakati wa masomo, na alipotoa toleo lake 1880 akatumia hayo pamoja na ushahidi wa wanafunzi wengine. Ana makosa, ndio, na hatenganishi vizuri alichosikia na alichokiona. Ila masikio yake yalikuwa chumba kimoja na Chopin, na huyo ndo mnamwita takataka?

Na hao wa Urtext wenyewe hawaelewani. Weka Henle na Ekier pembeni kwa pembeni utaona tofauti, na zote ziliamuliwa na watu. Jan Ekier aliutumikia ule mradi wa taifa la Poland wa kuchapa kazi zote za Chopin kwa miaka mingi sana hadi ukakamilika 2010, kazi ya heshima kubwa, lakini mahali vyanzo vinapogongana alichagua yeye. Tofauti yake na Klindworth ni kwamba anakuambia amechagua, kwenye maelezo ya nyuma ambayo wanunuzi wengi, tuseme ukweli, hawayafungui. Umelipia maelezo halafu unapiga nota tu, basi ungebaki na Mikuli.

Kama unaenda mashindano ya piano ya Chopin ya Warsaw, chukua Ekier, ndo toleo wanalopendekeza. Kwa wengine wote, pakua Mikuli, halafu fungua skani za matoleo ya kwanza, nazo ziko bure mtandaoni, linganisha pale panapokusumbua. Na mwalimu akikuambia E flati ni kosa, muulize kwa kitabu cha nani.