Viatu Vilivyonitosha Barabara

Ofisi yetu ya hapa Moshi ilipoamua kwamba safari ya wafanyakazi ya mwaka ule iwe ya kutwa moja, kutoka lango la Marangu la Mlima Kilimanjaro hadi kituo cha Mandara na kurudi, mimi ndiye niliyeombwa kuwaelekeza wenzangu namna ya kuchagua viatu vya mlimani. Sikushangaa, kwa kuwa mhasibu hutazamiwa kusoma maandishi madogo ambayo wengine huyaruka. Niliandaa maelezo marefu nikayatuma katika kundi letu la WhatsApp, ambako yalipata ukimya wa heshima, kisha swali la dereva, aliyetaka kujua kama yeboyebo zinaruhusiwa.

Maelezo yale yalikuwa sahihi, na hadi leo sijayabadilisha hata nukta. Niliwaambia waende kununua jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na mlimani utavimba vivyo hivyo. Wajaribu viatu wakiwa na soksi nene zilezile watakazopandia. Wahakikishe kisigino hakinyanyuki ndani ya kiatu wanapopiga hatua, maana hapo ndipo malengelenge huzaliwa, na mbele ya vidole waache nafasi ya upana wa kidole gumba, kwa kuwa kinachoua kucha si kupanda bali ni kushuka, mguu unaposukumwa mbele na vidole vikagonga ncha ya kiatu hatua kwa hatua mpaka kucha zikawa nyeusi. Wasiiamini namba peke yake, kwani 42 ya kampuni moja humbana mtu ambaye 42 ya kampuni nyingine inampwaya.

Niliongeza na historia, ambayo nakiri hakuna aliyeiomba: kwamba mwaka 1935 Mwitaliano aitwaye Vitale Bramani alipoteza wenzake 6 katika milima ya Alps, kwa sehemu kwa sababu ya viatu visivyofaa, na kwamba mwaka 1937 alileta soli ya mpira yenye meno, ambayo viatu vingi vya mlimani vinaifuata hadi sasa. Mtunza stoo wetu, ambaye ni Mpare na mtani wangu wa siku nyingi, alijibu kwamba babu zake walivuka milima ya Upare kwa miguu mitupu na hawakuwahi kumtumia mtu ujumbe mrefu namna ile.

Baada ya kuwafundisha wengine ilinipasa nami kununua. Nilikwenda soko la mitumba la Memorial saa 10 jioni, miguu ikiwa imevimba inavyotakiwa na soksi nene zikiwa mfukoni, na sikuchukua muda kuviona. Vilikuwa vya ngozi ya kahawia, vimepanda hadi juu ya kifundo cha mguu, meno ya soli yakiwa makali kabisa, bila mkwaruzo, bila harufu ya mtu, na karatasi ya kiwandani ikiwa bado imejikunja ndani ya kiatu cha kulia. Mchuuzi aliniapia kwamba havijawahi kuvaliwa. Katika hilo alisema kweli tupu, na naomba jambo hilo likumbukwe kwa ajili ya heshima yake.

Nilimwomba mahali penye mteremko. Aliegemeza ubao juu ya kreti la soda, nami nikapanda, nikageuka kuelekea chini, nikakanyaga kwa nguvu ili nione kama vidole vitagonga mbele, nikashuka, nikapanda tena, nikachuchumaa, nikaruka. Wateja wa meza za jirani waliacha kuchagua mashati yao wakaja kutazama.

"Bosi," mchuuzi aliniuliza kwa upole, "unanunua kiatu au unaoa?"

Nilimjibu kwamba katika mambo yote mawili mtu huujua ukweli wakati wa kushuka. Tuliachana vizuri, alikuwa ameanza na shilingi 90,000, tukamalizia kwenye 60,000. Jioni zilizofuata nilivivaa sebuleni ili vilainike na kuuzoea mguu, nikawa natazama taarifa ya habari nikiwa nimevifunga kamba hadi juu, na mke wangu alivumilia.

Siku ya safari ilikuwa na ukungu mzito. Lango la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Mandara iko kama mita 2,700, umbali wa kilomita 8 hivi, na karibu njia yote ni ndani ya msitu wa mvua, ambako mizizi huteleza, tope halikauki upesi, na mbega hukaa juu ya matawi wakitazama watu bila haraka yoyote. Nilitembea mbele, kwa kuwa niliona inafaa. Nyuma yangu alikuwa dada wa mapokezi, akiwa na raba za kawaida kabisa ambazo nilikuwa nimezitolea maoni kule langoni.

"Kaka," alisema baada ya muda, "kuna kitu unadondosha."

Nilikagua mifuko, simu ilikuwapo na pochi ilikuwapo. Tuliendelea. Alisema tena, nami nikamwambia ni tope. Naye, kwa adabu ya watu wa mapokezi, akasema tope la mahali pengine pote ni la kahawia, ila la nyuma yangu ni la kijivu na linaanguka vipande vipande kama keki iliyosahauliwa kabatini.

Mbele kidogo ya Kisambioni, pale ambapo watu hupumzika na kula, niliinua mguu wa kushoto na nikahisi wepesi ambao sikuwa nao asubuhi. Nilipiga hatua mbili zaidi nikijisifu kwamba hatimaye mwili umezoea mlima.

"Bosi, umesahau kiatu," dereva aliniita kutoka nyuma.

"Kiatu ninacho," nilimjibu, na kwa upande wa juu ilikuwa kweli. Ngozi, kamba na ulimi vilikuwa mguuni pangu, safi na imara. Soli nzima, pamoja na meno yake yote, ilikuwa imebaki kwenye tope, na dereva alikuwa akiing'oa kwa mikono miwili, yeye mwenyewe akiwa na yeboyebo zilezile za swali lake.

Mwongozaji wetu aliinama akakitazama kile kiatu bila mshangao wowote, jambo lililoniudhi zaidi kuliko kicheko cha mtunza stoo. "Pole sana, mzee," alisema. "Hivi vimezeeka bila kuvaliwa." Kisha akatueleza sote kwamba katika viatu vingi vya aina hii, kati ya ngozi na soli ya mpira kuna tabaka la sponji ya poliyurethani, ambalo hulainisha hatua, na kwamba unyevu wa hewa hulila tabaka hilo polepole kwa miaka, hata kiatu kikiwa kimelala sandukuni Ulaya na kung'arishwa kila Krismasi. Kwa macho huwezi kujua. Mpira wa chini hubaki mzuri na ngozi hubaki nzuri. Inabidi uikandamize sponji kwa kidole gumba, ukikunje kiatu, na ukiona nyufa ndogo ndogo au ukihisi inanata, ukirudishe mezani. Amewaona wageni wengi wakipatwa na hayo, kila mmoja akiwa na viatu vya bei kubwa alivyovitunza miaka mingi kwa ajili ya siku hiyo moja.

Wakati anaeleza, soli ya kulia ilifunguka kwa mbele, ikaanza kupiga makofi kila nilipopiga hatua, na akina mama wa ofisini wakapata mdundo wa kuimbia. Mwongozaji alizifunga zote mbili kwa bandeji za sanduku la huduma ya kwanza, akianzia kwenye vidole hadi juu ya kifundo. Kuanzia hapo kila kundi lililokuwa likishuka lilinipa pole kwa kuniona nimejeruhiwa miguu yote na bado napanda, na bibi mmoja wa Kizungu alinisimamisha akanikabidhi vidonge viwili vya maumivu. Nilivipokea kwa heshima. Sikuona haja ya kumchosha na habari za poliyurethani.

Nilifika Mandara wa mwisho. Dereva alikuwa ameshafika zamani na alikuwa amelala kwenye nyasi.

Jambo gumu lilikuja wakati wa kurudi. "Samahani, mzee," mwongozaji aliniambia, "utaratibu wa hifadhi ni kwamba tunachopanda nacho tunashuka nacho." Nilidhani anazungumzia chupa za maji. Alikuwa anazungumzia makombo yangu, ambayo yalikuwa yametandazwa kwa kilomita kadhaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo niliyaokota nikiyatia ndani ya hotipoti yangu ya chakula, kipande kwa kipande, na naweza kushuhudia kwamba katika safari nzima ya kushuka vidole vyangu havikugonga ncha ya kiatu hata mara moja.

Ndani ya Coaster, mtunza stoo aliiona ile hotipoti, akaniuliza kwa nini nawaficha watani wangu kashata. Kabla sijameza maji ili nimjibu, alikuwa ametia kipande mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Wiki iliyofuata nilivipeleka kwa fundi viatu. Alivigeuza huku na huku, akasifu ngozi, akasifu mshono, akasema juu havina tatizo lolote, ila atavishonea soli za tairi ambazo hakuna unyevu utakaozila. Nilikubali mara moja, kwa sababu kiatu kinachonitosha namna ile si rahisi kukipata tena. Aliniuliza kama nataka tairi la gari dogo au la lori, kisha akanitazama kutoka juu hadi chini na, bila kusubiri jibu, akaandika lori.