Kutoka Tanga hadi Moshi Bila Nauli

Kwa kuwa sahibu yangu ameshasambaza ile sauti yake ya dakika nne katika kundi la WhatsApp la baraza letu, na kwa kuwa jana mtu wa Muheza nisiyemjua hata kwa sura alinipigia simu kunipa pole ya kuunguliwa na nyumba, nimeona afadhali niyaandike mwenyewe mambo haya kabla hayajavuka mto Wami. Hakuna nyumba iliyoungua, wala baba mkwe wangu hakuzimia, wala mimi sikukimbia pekupeku hadi Raskazone. Kilichoungua ni kapasita moja, kidude cha kutunzia umeme kidogo, yenye ukubwa wa punje ya hindi, pamoja na kipande cha kanzu ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa ya huyo huyo sahibu, na ndiyo maana simulizi lake lina machungu kuliko tukio lenyewe.

Mnaonifuata siku zote mnaujua ugonjwa wangu. Jioni wenzangu wa Ngamiani wanapokwenda kutazama mpira au kucheza bao, mimi hujifungia chumbani na chuma cha kulehemu nikiunda amplifaya za hedifoni, yaani vikuza sauti vya kusikilizia masikioni, vidude ambavyo mke wangu huviita watoto wangu wa nje, kwa kuwa vinakula fedha na havitambuliwi na ukoo. Nimeshaunda saba. Vinne vinafanya kazi, kimoja kinafanya kazi kikipenda, na viwili tuwaombee marehemu.

Hiki cha nane kilikusudiwa kuwa cha heshima. Nilifuata saketi, yaani ramani ya kuungia vipande vya umeme, mashuhuri iitwayo CMoy, kwa jina la Mmarekani Chu Moy aliyeibuni, ambayo wapenzi wa fani hii huko ng'ambo wana desturi ya kuifungia ndani ya kikopo cha bati cha peremende. Mimi nilitumia kopo la Africafe, nikalitoboa kwa msumari tundu la waya wa kuingizia sauti, tundu la hedifoni na tundu la kitasa cha volumu, na harufu ya kahawa ikabaki humo kama baraka. Ndani nikaweka chipu ya NE5532, ndiyo yenye kazi ya kukuza sauti, niliyoinyofoa katika mashine ya kuchanganyia sauti iliyokwisha kufa, nikaipa rezista, yaani kizuizi cha umeme, ya kilo-ohm 10 na nyingine ya kilo-ohm 1 ili sauti itoke imekuzwa mara 11, nikaugawa umeme katikati kwa rezista mbili zinazolingana ili saketi ipate ardhi yake ya bandia, yaani sifuri iliyo katikati ya chanya na hasi. Najua mtaniuliza mara 11 za nini, mtu anataka kusikiliza au kuadhini. Hedifoni zangu ni zile kubwa za kizamani za ohm 600, yaani ngumu kusukumwa na umeme mdogo, zinazofunika sikio zima kama bakuli la uji, na ukizichomeka moja kwa moja katika simu zinanong'ona kama mgonjwa anayeusia.

Sasa sikilizeni msiba ulipoanzia. Katika kupekua bodi kuukuu nilipata kapasita ya tantali, ya manjano, nzuri ya kupendeza, nikaona niipachike pale umeme unapoingilia ili uingie ukiwa safi. Kapasita za namna hii zina upande wa chanya na upande wa hasi, na ukizigeuza hazisamehe. Zile za kawaida, zenye umbo la mtungi, huchorwa mstari upande wa hasi. Jambo hilo nalijua kama nilijuavyo jina la mama yangu, nimewafundisha vijana watatu wa mtaani, na mmoja wao niliwahi kumcheka hadharani kwa kulikosea. Hii yangu nayo ilikuwa na kimstari. Miguu yake ilikuwa imekatwa sawasawa tangu katika bodi ya kwanza, kwa hiyo mguu mrefu wa kunielekeza penye chanya haukuwapo. Nikasema mstari ni hasi, bismillahi, nikalehemu.

Nilipoijaribu kwa betri ya volti 9 sauti ilitoka tamu ajabu, lakini baada ya dakika ishirini betri ikawa imekata roho. Chipu ile hunywa takriban miliampia 8, na kwa ulaji huo betri nzima ingenifikisha makumi ya saa. Mtu mwenye akili angejiuliza umeme uliobaki unakwenda wapi. Mimi nilikwenda dukani. Nikamwambia muuzaji, mbele ya wateja wake, kwamba anauza betri za magendo; akanipa nyingine bila kubishana, nayo ikafa kabla ya isha, na kesho yake nikarudi nikamwambia maneno ambayo hapa sitayaandika. Kisha nikaachana na betri kabisa, nikachukua adapta ya volti 12 ya king'amuzi kilichoharibika, yenye uwezo wa kutoa ampia moja na nusu. Kwa kapasita iliyogeuzwa, hiyo ilikuwa sawa na kumwekea mwizi ngazi.

Baba mkwe wangu anakaa Makorora. Siku hizi masikio yake yamepungua, na analalamika kwamba waimbaji wa kanda zake za zamani za Black Star, kundi la taarabu la hapa Tanga, wanaimba wakiwa nyuma ya mlango uliofungwa. Nilikuwa nimezihamishia kanda hizo katika simu yangu, na nikamwahidi kwamba Ijumaa baada ya alasiri nitakuja kuufungua mlango huo. Kanzu zangu zote zina vitundu vya lehemu, kwa hiyo nikaazima ya sahibu, nyeupe pe, ya kwendea harusini, naye akafuatana nami ili ailinde. Tulimkuta mzee barazani pamoja na wazee wenzake wawili, mashemeji zangu, na muuza kahawa ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametua dele lake.

Hapa ndipo ninapopaonea aibu zaidi kuliko hata moto. Baada ya kuamkia na kupewa kikombe, nililifunua kopo na kuanza kumfundisha baba mkwe wangu umeme. Nilimwambia, kwa sauti kubwa na kwa utaratibu, kwamba umeme ni kama maji, kwamba volti ni kule kuinuka kwa tangi juu ya mnara, ampia ni wingi wa maji yapitayo, na rezista ni bomba jembamba. Nilimuuliza mara mbili, "Umenielewa, baba?" naye mara mbili akajibu, "Naam, mwanangu, endelea." Alivaa miwani yake, akainama juu ya kopo kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu.

"Na hiki cha manjano?"

"Hicho ni kapasita, baba. Ule mstari ni hasi. Huo ndio wa kukumbuka."

"Ahaa," akasema. Akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Nilipomwinulia hedifoni ili nimvike, aliirudisha kwangu kwa mikono miwili. "Anza wewe, mwanangu. Mimi nitafuata."

Niliona amenipa heshima. Hata macho yalinilenga.

Basi nikakaa juu ya mkeka, kopo mapajani kwa kuwa waya wa hedifoni ulikuwa mfupi, adapta nikaipitisha dirishani hadi kwenye soketi ya sebuleni, nikajivika yale mabakuli mawili nikafumba macho. Yaliyofuata nimeyapata kwa mashahidi sita, nikayalinganisha na yale niliyoyaona mwenyewe, kwa maana mtu aliyevaa hedifoni za aina hiyo ni kama yuko chini ya maji.

Magita yakaingia. Wallahi yalikuwa karibu kiasi cha kusikia kidole kikigusa uzi, na mimi nikatikisa kichwa kama mwenye kukubaliana na dua. Kumbe wakati huo huo katika tundu la kitasa ulikuwa umetokeza uzi mwembamba wa moshi, na shemeji mdogo akasema, "Kaka, kinatoka moshi." Sikumsikia. Nilichosikia ni mkwaruzo mdogo katika sikio la kushoto, nikasema moyoni kanda za miaka hiyo lazima ziwe na vumbi. Moshi ukatoka katika tundu la pili. Harufu ikanifikia, nami nikaona ni kopo, kahawa hiyo, inapata joto kidogo. Shemeji akaita tena kwa nguvu. Shangazi wa mke wangu akauliza kutoka uani ni nani aliyechoma ubani wa nywele.

Nikafumbua jicho moja. Baraza zima lilikuwa limekodolea mapaja yangu, midomo wazi. Nikaona ni mshangao wa furaha, nikawainulia dole gumba. Shemeji mkubwa alikuwa akipunga mikono miwili, nikadhani anacheza. Muuza kahawa alikuwa ameshainua dele lake na kurudi nyuma hadi barabarani. Nikadhani amemaliza biashara. Peke yake baba mkwe alikuwa ametulia, kikombe mkononi, akinitazama kama mtu anayesubiri treni ambayo saa yake anaijua. Ndipo nilipomwinamia sahibu yangu nimnong'oneze, na naomba mzingatie kwamba mimi nilikuwa nanong'ona, nikamwambia:

"Umeona? Wazee hawa tangu wazaliwe hawajaona kitu kama hiki!"

Wanasema nilisikika hadi msikitini. Wanasema waliokuwa wakitoka humo walisimama.

Na kabla sahibu hajanijibu, pa! Haukuwa mlio mkubwa, ilikuwa kama mtu aliyekanyaga kifuu, lakini mfuniko ulirukia upande wa wazee, mwale wa rangi ya chungwa ukachomoza katika kopo, moshi ukatoka kwa matundu yote matatu kwa mpigo kama chetezo siku ya harusi, na cheche moja ikanitua pajani. Mimi nikasimama. Hedifoni zilikuwa kichwani, hedifoni zimefungwa na kopo, kopo limefungwa na adapta, na adapta imefungwa na nyumba. Nilipiga hatua tatu huku kopo likinifuata kwa kurukaruka kama mbuzi wa kuvutwa kamba, ya nne waya ukakaza, shingo ikarudi nyuma, nami nikakalia sinia ya kashata. Shemeji mdogo, Mungu amlipe kwa nia yake, akalinyakua dele kwa muuza kahawa akanimwagia. Tundu la kanzu lina ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Doa la kahawa lina ukubwa na umbo la kisiwa cha Toten, kile cha hapa ghubani kwetu. Sahibu, katika sauti yake, amelitaja tundu peke yake. Doa amelinyamazia kwa kuwa shemeji ni mtu wake wa karata.

Kimya kilipotulia, baba mkwe aliliokota kopo kwa ncha ya kikoi chake, akavaa tena miwani, akachukua njiti ya kiberiti akaelekeza kile kilichobaki, yaani doa jeusi na miguu miwili.

"Hii ilikuwa tantali," akasema. "Za mtungi mstari wake ni hasi. Za tantali mstari wake ni chanya. Uliigeuza."

Nilijua mzee alifanya kazi reli. Katika miezi yote tangu nioe, sikuwahi kumuuliza alifanya kazi gani huko reli. Kichwani mwangu nilimwekea kofia na filimbi nikamwacha hapo. Kumbe maisha yake yote ya kazi yalipita katika karakana ya simu na ishara, kulehemu ndio ulikuwa mkate wake, na mimi nilikuwa nimemweleza kwamba umeme ni kama maji. Nilimuuliza kwa unyonge kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Nilikuuliza cha manjano ni nini. Ukaniambia nikumbuke."

Sahibu ndiye aliyemaliza kazi. Alisimama pale na kanzu yake ikidondosha kahawa mwilini mwangu, akawaambia wazee kwamba reli ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911, miaka 18 ya jasho, na fundi wetu amefika kwa dakika tano, bila nauli. Wazee walicheka hadi mmoja akashikwa na kwikwi. Tangu jioni hiyo, kuanzia Makorora hadi Barabara ya 12, jina langu ni Chetezo.

Yaliyobaki hayana urefu. Kahawa na kashata nimelipa, kanzu iko kwa dobi na baada ya hapo itakwenda kwa fundi cherehani. Jumatatu mzee aliniita, akatoa chuma chake cha kulehemu cha zamani chenye mpini wa mti, akapachika kapasita nyingine kwa mkono usiotetemeka, akajivika hedifoni, na hajazirudisha hadi leo. Nikimpigia simu hapokei, kwa kuwa hasikii.

Lakini yule muuzaji wa betri sijamwendea. Siku tatu hizi nimekuwa nikizungukia mtaa wa pili ili nisipite mbele ya duka lake, nikidhani hana habari, hadi leo asubuhi mke wangu alipokwenda kununua sukari. Amerudi na betri moja ya volti 9 iliyofungwa katika gazeti. Anasema yule bwana amekataa fedha, amemwambia tu ampelekee mumewe, ni nauli ya kurudia kutoka Moshi.