Shangazi Kageuka Shanga

Kamati ya harusi ya binamu yangu ilitaka beji za kifuani: jina juu, cheo chini. Kazi nikapewa mimi, eti ndiye mtu wa kompyuta. Vyeo nikaviweka kwenye safu ya NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python. Kwa kuwa karibu kila mtu kwenye kamati zetu ni mjumbe, niliijaza safu nzima neno "Mjumbe", kisha nikawabadilishia wale wachache wenye vyeo.

Sasa NumPy ina tabia yake. Ikiona "Mjumbe" inahesabu herufi 6, inatenga baiti 24, nne kwa kila herufi, na kipimo hicho ndicho cha safu yote, kama fundi aliyeshona sare za kwaya nzima kwa mwili wa mwimbaji mmoja. Ukiipa neno refu hailalamiki. Inachukua herufi 6 za mwanzo, zinazobaki inatupa. Hakuna onyo wala maandishi mekundu. Katibu alipita salama, Makamu na Mpambe pia, wote wana herufi 6, na hao ndio waliokuwa juu kabisa kwenye skrini. Nikachapa.

Ukumbini, Mwenyekiti kavaa "Mwenye". MC alipotangaza, "Mwenye gari lililoziba geti aje haraka," meza nzima ikamgeukia. Mshenga kawa "Msheng", akaulizwa kama ametokea Nairobi. Mgeni rasmi naye kifuani kaandikwa "Mgeni" basi, kijana wa mlangoni akamwonyesha kiti cha nyuma, pembeni ya jenereta. Mzee wa watu akaenda akakaa.

Lakini balaa lilikuwa Shangazi. "Shanga", kwa herufi nene, na chini ya beji kanga moja tu na kiuno cha mtu wa pwani. Wamama wakapiga vigelegele hadi MC akanyamaza. Shangazi akanishika sikio.

"We mtoto, zangu nani kakuonyesha?"

Nikajitetea palepale: tatizo ni safu, Shangazi, na dawa ipo, NumPy 2.0 ya mwaka 2024 imeleta aina mpya inayoitwa StringDType, kila neno linakaa humo kwa urefu wake.

Akanitazama juu hadi chini.

"Heh! Na urefu wake mmeshapima?"