Baisikeli ya magurudumu matatu si kosa

Wapo wanaokereka wakisikia "baisikeli ya magurudumu matatu". Neno limetoka Kiingereza, wanasema, na ule mwanzo wake, bi, ni Kilatini chenye maana ya mbili. Basi tunatamka "magurudumu mawili ya magurudumu matatu".

Wana haki mahali pamoja. Anayetafsiri sheria za barabarani hulazimika kutenganisha chombo cha magurudumu mawili na cha matatu, na jina moja likivibeba vyote humtatiza.

Lakini neno likishahamia kwetu hufuata sarufi yetu. Katika Kiarabu, ki ya kitabu ni sehemu ya neno lenyewe, si kiambishi. Sisi tuliisikia kama kiambishi cha ngeli, tukapata vitabu, na hakuna anayetusahihisha. Vivyo hivyo, nani husikia "mbili" ndani ya bai? Baisikeli tuliipokea nzima, na kwetu ni chombo kinachokwenda kwa nguvu za mwili wa aliyekipanda. Ndiyo maana hata kile cha mtu mwenye ulemavu wa miguu, kinachozungushwa kwa mikono, twakiita baisikeli bila kusita.

Tazama Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani. Unataja kundi zima la vyombo hivi: vyenye magurudumu yasiyopungua mawili, vinavyosukumwa na nguvu za misuli ya waliovipanda pekee, hasa kwa pedeli au kwa mikono. Yasiyopungua mawili! Ili kupata jina la upana huo, Kiingereza kililazimika kuikata ile bi na kubakiza cycle. Mswahili hakuhitaji kukata chochote. Maana hiyo pana ndiyo aliyokuwa akiitumia.

Hata huko lilikotoka, idadi ya magurudumu haikulizaa jina hili peke yake. Mashine ya mvumbuzi Mjerumani Karl von Drais ya 1817 ilikuwa na magurudumu mawili, mpandaji akijisukuma kwa kupiga miguu chini, wala haikuitwa bicycle. Jina lilizuka miaka ya 1860, pedeli zilipofungwa kwenye gurudumu la mbele.

Kinachonipa shida mimi ni baisikeli ya umeme. Ikiwa mota husaidia tu anayekanyaga, jina linafaa. Ikiwa inakwenda yenyewe huku pedeli zimetulia, hiyo naiona ni pikipiki.