Gipsam iliyonivua nguo mbele ya mteja

Najua mshaiona ile video kwenye status ya yule dalali, eti nililia. Sikulia jamani, yale yalikuwa maji ya dari. Sasa nisikilizeni mimi mwenye nyumba.

Kile chumba na sebule cha mbele kule Kimara kilikuwa kinaenda laki na nusu. Nikajisemea nikiweka dari ya gipsam na zile taa za rimoti zinazobadilika rangi, nakipandisha laki mbili. Ikanila milioni moja na laki mbili. Piga hesabu mwenyewe, elfu 50 ya nyongeza kwa mwezi, hela inarudi baada ya miaka 2 na hapo chumba kisikae tupu hata mwezi. Fundi aliniambia boss bati limechoka, matundu ya misumari yashaliwa na kutu, tuanze na juu. Nikamjibu mteja gani anapanda kukagua bati? (We unayecheka, hamisha hilo kabati tuone ufa wako.)

Basi masika imekolea, mvua usiku kucha, asubuhi dalali kaleta dada mmoja mstaarabu, ana mwavuli wake na kodi ya miezi sita kwenye pochi. Swali la kwanza: "Kaka, LUKU inajitegemea au tunachangia?" Ni ya kuchangia, mita moja ya umeme nyumba yote ya mbele, kila mwezi ugomvi wa nani ana friji. Nikajifanya sijasikia nikabonyeza rimoti. Taa ya bluu. Taa ya zambarau. Dada kaangalia juu, kimya. Na mimi nikaangalia. Gipsam imeota kitambi.

"Hapo mbona pamevimba?"

Nikasema, na hii ndo inaniuma mpaka sasa, "Hiyo dizaini dada, inaitwa wimbi." Dalali naye mnafiki akadakia, "Zipo nyingi sana Mbezi hizo."

Tone likanidondokea usoni, nikalifuta kama jasho. La pili likaingia mdomoni maana nilikuwa bado naongea. Ili kumtoa wasiwasi nikachukua mti wa dekio, nikamwambia cheki ilivyo ngumu, nikagonga. Ukatokea ufa mwembamba, ukatembea taraaatibu kutoka kwenye taa kwenda kwenye kona, sote watatu tunausindikiza kwa macho, hakuna anayekimbia, zambarau imetulia juu yetu. Halafu bodi zima likaja. Na maji ya usiku kucha. Na panya. Panya mzima jamani, katua begani kwangu, kaduwaa kama nilivyoduwaa mimi, kisha akateremka zake kwa mkono bila haraka. Nimesimama mweupe pee, mti mkononi. Dada kafungua mwavuli. Ndani ya nyumba!

"Pole kaka."

Nikakimbilia meni switchi, dalali tayari anarekodi, bati jipya nimeshalipia msiniulize bei. Jioni dada kapiga simu, kachukua kile cha uani, hakina gipsam wala tailizi ila kina LUKU yake. Kalipa yote sita. Kaomba kitu kimoja tu, nisije nikakiboresha.