Haki Tumejaliwa na Nani?

Kifungu cha kwanza cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, katika tafsiri yake ya Kiswahili, kinasema watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa, kisha kinaongeza kwamba "wamejaliwa akili na dhamiri". Wamejaliwa na nani? Mswahili hana haja ya kuuliza. Akisikia neno kujaliwa, Mungu ameshatajwa.

Walioandika azimio hilo, lakini, waliliacha pengo makusudi. Rasimu ilisema akili na dhamiri tumepewa na maumbile. Brazil ikataka itamkwe kuwa binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mjumbe wa China, Peng Chun Chang, akawakumbusha wenzake kwamba nchi yake nayo ina watu wengi na mapokeo yao, na haikuomba yaandikwe. Mwisho wa yote Mungu hakutajwa, na maumbile yakafutwa. Tarehe 10 Desemba 1948, jijini Paris, nchi 48 zilikubali, 8 zikajizuia kupiga kura, na hakuna iliyokataa. Sidhani hesabu ingekuwa hiyo kama wangelazimishwa kwanza kuafikiana juu ya chimbuko.

Swali lenyewe halikufa. Tulipime kwa maisha ya mtu mmoja. Chukulia mtoto aliyezaliwa mwaka 1795 katika kisiwa cha Guadeloupe, koloni la Ufaransa, mama yake akiwa mtumwa wa jana. Mtoto huyo alizaliwa huru, kwa sababu Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa mwaka 1794. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha, na mtoto akawa mtumwa akiwa na miaka saba. Utumwa ulifutwa tena 1848. Kama alijaliwa umri, uhuru ulimkuta na miaka 53.

Wanaosema haki hutoka kwa dola wana jibu jepesi: alikuwa na haki, akanyang'anywa, akarudishiwa. Msemaji wao mkali ni Mwingereza Jeremy Bentham, aliyeziita haki za maumbile upuuzi. Kutamani haki, alisema, si kuwa nayo. Njaa si mkate. Hoja hii inauma kwa sababu ina ukweli. Miaka yote 46 ya utumwa wake, hapakuwa na mahakama ambayo mtu huyu angeingia na kusema uhuru wake umeibwa, ikamsikiliza. Haki isiyo na hakimu wala askari wa kuilinda inakulinda na nini?

Lakini ukikubali hivyo, umekubali pia kwamba mwaka 1802 hakudhulumiwa. Aliyempa ndiye aliyechukua. Hapo ndipo hoja ya dola inaponishinda kuimeza. Na lugha yetu haituruhusu: haki ni jina la kile ninachostahili na papo hapo ni jina la uadilifu. Tunasema bila kusita kwamba sheria fulani si ya haki. Kama haki ingezaliwa na sheria, maneno hayo yasingekuwa na maana yoyote.

Basi tumrudie Mungu? Nguvu ya jibu hili ni kwamba alichotoa Muumba mfalme hana mamlaka ya kukifuta. Udhaifu wake hauko mbinguni, uko kwa wanaojifanya wasemaji wake. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1685 iliyotawala watumwa wa makoloni iliamuru, katika kifungu cha 2, kwamba wote wabatizwe. Kifungu cha 44 kikawahesabu kuwa mali inayohamishika, kama samani. Waliokiri kwamba mtu huyu ana roho ndio hao hao walioweza kumrithisha kwa watoto wao.

Wanaoegemea utu wenyewe wanakwepa mtego huo: haki zatosha kutoka kwa kuwa kwako binadamu, uwe na imani gani. Ndilo jibu lililoshika njia. Mikataba miwili ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1966 inasema wazi kwamba haki zinatokana na hadhi ya asili ya binadamu. Sawa, na hadhi inatoka wapi? Swali limesogezwa hatua moja tu. Hata hivyo naelemea upande huu, kwa shingo upande kidogo, kwa sababu ndio pekee unaoniruhusu kusema yule mtoto wa miaka saba alidhulumiwa bila kwanza kumuuliza anasali wapi au anatawaliwa na nani.

Waliokuwapo hawakungoja wanafalsafa wamalize. Mei 10, 1802, majeshi ya Napoleon yakiwa yamekwisha kutua Guadeloupe, ofisa mmoja wa jeshi aitwaye Louis Delgrès, chotara aliyekuwa amelipigania jeshi hilo hilo la Ufaransa, alitoa tangazo kwa ulimwengu. Alisema kupinga uonevu ni haki ya maumbile, na kwamba hata Mungu hawezi kuudhika watu wanapojitetea. Maumbile na Mungu, vyote viwili kwa pumzi moja; sheria ndiyo iliyokosekana upande wake. Siku 18 baadaye, akiwa amezingirwa huko Matouba, yeye na mamia ya wenzake walijilipua kwa baruti badala ya kukamatwa.

Sheria nayo ilikuja hatimaye, mwaka 1848. Mwaka uliofuata, 1849, Ufaransa ikapitisha nyingine ya kulipa fidia kwa hasara iliyotokana na kufutwa kwa utumwa. Waliolipwa ni mabwana.