DS haikuwa somo la kujazia

Mtu akiniuliza Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, palinipa nini, hutarajia nitaje uhandisi. Sawa, ndio ulioandikwa kwenye cheti na ugali wangu unatoka huko. Ila kilichonifungua macho ni DS (Development Studies), somo la maendeleo ambalo chuoni hapo unalisoma utake usitake, na ambalo wanauhandisi wengi hulimaliza kwa desa, notisi za kuazima, usiku wa kuamkia mtihani, mradi wasipate sapu, yaani mtihani wa marudio.

Somo hilo lina historia yake. Oktoba 22, 1966, wanafunzi waliandamana na majoho yao hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo baada ya kambi yangewaachia asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, kisha akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na chuoni ukaanza mjadala wa namna ya kumfunza msomi asijione bwana mkubwa. Mbegu ya DS ni hapo.

Mihadhara yenyewe ilichosha, ukumbi umejaa hadi kwenye ngazi. Utamu ulikuwa baadaye kwenye vimbwete, yale mabenchi ya zege ya nje. Watu wa sheria, wa uchumi na sisi wa vikokotoo tunabishana: nani anakulipia kiti chako hapa? Mzazi, Bodi ya Mikopo, au mama muuza mchicha anayekatwa kodi kila akinunua sabuni? Hatukuafikiana hata siku moja. (Siku hizi makato ya asilimia 15 ya mkopo hunikumbusha ubishi ule kila mwisho wa mwezi.)

Sasa niko kwenye miradi ya maji vijijini. Pampu ya mkono ikifa, uhandisi unaniambia mpira wa ndani umelika, badilisha. Kipuri chenyewe kinaenea kiganjani. DS ndiyo inayonifanya niulize daftari la michango liko kwa nani, na kwa nini kina mama, ambao ndio wachotaji, wanakaa kimya kwenye kikao cha kamati. Kijiji kimoja tulikuta hela ya matengenezo ipo, ila mwenye ufunguo wa sanduku kahamia mjini na hakuna aliyethubutu kulivunja. Hapo ungeleta mipira hata kumi, watu wangerudi mtoni tu.

Kwa hiyo wahandisi wenzangu wanaposema DS ifutwe, ipatikane nafasi ya kozi nyingine ya kompyuta, siungi mkono. Ningegusa mtihani tu. Kukariri nadharia za utegemezi (kwamba umaskini wetu unatokana na kuzitegemea nchi tajiri) kupungue. Mwanafunzi apelekwe mtaani Manzese, Dar es Salaam, akafuatilie bei ya ndoo moja ya maji, kuanzia kwa mwenye nyumba anayeiuza hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inakoidhinishwa bei, na kazi hiyo ibebe alama nyingi kuliko karatasi ya mwisho.